Mateka wa Vita na Mateka ya Vita: Uhakiki wa Masimulizi ya Liuli

Katika lugha yetu neno mateka huchukua upatanisho wa namna mbili. Tukisema mateka wa vita, twakusudia watu. Tukisema mateka ya vita, twakusudia mali, silaha, ng'ombe, vyombo, na kila kitu ambacho mshindi hukiondoa mikononi mwa mshindwa. Asili yake ni moja, nayo ni kitenzi kuteka. Maana kubwa ni moja, yaani kuchukua kwa nguvu kilichokuwa cha mwingine. Lakini kiungo kidogo tu ndicho kimtengacho mtu na kitu. Katika makala hii nakusudia kukitumia kipimo hiki cha sarufi kupimia masimulizi ya tukio mashuhuri lililotokea Liuli, katika ufuko wa Ziwa Nyasa, mwezi wa Agosti 1914, ambapo nahodha Mjerumani alitekwa na Waingereza meli yake ikiwa imepandishwa pwani. Kando yake nitayaweka masimulizi ya rubani wa ndege aliyewatumikia Waingereza, akatekwa na Wajerumani katika delta ya Rufiji, Desemba ya mwaka ule ule. Hoja yangu ni kwamba masimulizi hayo, kama yalivyotufikia kwa Kiingereza na kama yanavyorudiwa kwa Kiswahili, yamemtunza mtu mmoja mmoja, yamekipa chombo nafasi kwa kadiri ya haja ya msimulizi, na yamewafuta kabisa watu wale ambao vita viliwatoa katika wa na kuwatia katika ya.

Kwanza yafaa tuyatazame maneno yenyewe, kwa kuwa mtafsiri akikosea hapa hawezi kupatia mbele. Si mateka peke yake lenye tabia niliyoieleza. Ndege aliyetua juu ya mti na ndege iliyotua kiwanjani hutengwa vivyo hivyo, kwa kiambishi cha kitenzi na wala si kwa jina. Yule huhesabiwa kuwa ni kiumbe, hii ni kitu cha kuundwa. Basi katika habari ya rubani aliyetekwa pamoja na ndege yake, au nahodha pamoja na meli yake, Kiswahili humlazimisha msemaji katika kila sentensi aamue ni nani mwenye uhai na ni nini kisicho nao. Kiingereza hakimlazimishi msemaji wake namna hiyo. Hili si jambo la kujivunia wala la kuonea haya; ni tofauti tu ya lugha mbili, lakini ni tofauti yenye manufaa kwa mhakiki.

Neno la pili ni rubani. Kwa watu wa pwani rubani ni mtu aijuaye njia ya maji: mafungu, miamba, mikondo na milango ya bandari. Nahodha ni mwingine, naye ndiye mkubwa wa chombo na mwenye amri juu ya watu wake. Jina la rubani tumelipokea kwa Waarabu, na la nahodha asili yake ni Kiajemi. Vyombo vya angani vilipokuja, mwendeshaji wake hakupewa jina la mwenye amri. Alipewa jina la mjuzi wa njia. Uchaguzi huo ulikuwa wa busara, maana mtu aliyeruka juu ya misitu ya mikoko ya Rufiji mwaka 1914, bila ya alama yoyote ya kumwongoza, kazi yake ya kwanza ilikuwa kujua alipo. Kwa hiyo mtafsiri amwitaye nahodha wa Liuli rubani amempunguzia cheo, na yule amwitaye rubani wa Rufiji nahodha amempa cheo asichokuwa nacho.

Neno la tatu ni lile la hali ya mtekwa. Wapo waandikao kwamba nahodha alikamatwa, akawa mfungwa. Kukamatwa ni kwa mwizi na askari wa doria. Mfungwa ana hukumu iliyokwisha kupita juu yake. Mahabusi angojea hukumu. Mateka hana kesi. Hakushitakiwa neno, wala hakuna siku ya kutoka iliyoandikwa. Amechukuliwa kwa sababu tu alikuwa upande ule siku ile. Mwandishi akiandika mfungwa, msomaji atauliza, bila kukusudia, alifanya kosa gani. Akiandika mateka, swali litageuka, nalo litakuwa: ni nani aliyemteka, na kwa ajili ya nini?

Sasa na tuje Liuli. Liuli ni mji mdogo wa ufukoni, kusini ya Lituhi na kaskazini ya Mbamba Bay. Kwa miaka mingi ulikuwa katika wilaya ya Mbinga, na tangu 2012 umo katika wilaya ya Nyasa, iliyokatwa kutoka Mbinga. Juu milimani wanakaa Wamatengo, mafundi wa kilimo cha ngoro. Chini ufukoni kuna Wampoto, Wamanda na Wanyasa, watu wa mitumbwi, nyavu na dagaa. Wajerumani waliiita bandari hiyo Sphinxhafen, kwa sababu mwamba wake mmoja uliwakumbusha sanamu ya Misri yenye mwili wa simba na kichwa cha mtu. Mahali hapo walikuwa na gudi ya kupandishia stima yao, Hermann von Wissmann.

Habari inasimuliwa hivi. Vita vilipotangazwa Ulaya mwanzoni mwa Agosti 1914, Waingereza walikuwa na manowari ndogo ziwani, Guendolen, chini ya Kamanda Rhoades. Wajerumani walikuwa na Wissmann, chini ya Kapteni Berndt. Wawili hao walikuwa marafiki, na walipokutana bandarini walikunywa pamoja. Rhoades alipata habari ya vita mapema, naye Berndt hakuwa nayo. Katikati ya mwezi Guendolen ilitokea mbele ya Sphinxhafen na kuanza kupiga mzinga. Mpigaji hakuwa na mazoezi, na risasi za kwanza zilipita kando. Hatimaye moja ikaipata meli iliyokuwa juu ya gudi. Hapo, wasema wasimulizi, Berndt aliruka katika mashua ndogo, akapiga makasia kwa hasira mpaka ubavuni mwa Guendolen, akamuuliza rafiki yake kama amelewa. Akaelezwa kwamba nchi zao zina vita, na kwamba yeye sasa ni mateka. Rhoades akaiharibu mitambo ya Wissmann isiweze kwenda, akaondoka na mtu wake. Habari ilipofika London ilitangazwa kuwa ni ushindi wa majini, na mpaka leo wako waiitao vita vya kwanza vya majini katika Vita Kuu.

Siwalaumu wasimulizi kwa kucheka. Kicheko hiki kina ukweli ndani yake: chaonyesha kwamba vita hivi havikuwa na mzizi katika ziwa lile. Vililetwa kwa waya wa simu, na urafiki wa watu wawili ukavunjwa na ugomvi wa wafalme ambao hawakupata kuyaona maji ya Nyasa. Msimulizi mwenye akili angaliweza kuanzia hapo na kwenda mbali. Lakini masimulizi tuliyo nayo hayaendi mbali. Yana desturi ya hadithi za barazani baada ya chakula cha jioni: huingia watu wawili, hutokea kosa, hutokea jibu la kuchekesha, hadithi hufungwa. Ufundi wa namna hii hutaka mambo yote yasiyolisaidia jibu la mwisho yaachwe nje. Na katika habari ya Liuli, yaliyoachwa nje ndiyo mengi, na ndiyo mazito.

Jambo la kwanza lililoachwa ni ujuzi wa Rhoades. Katika hadithi yeye ni mlevi mwema aliyebahatika kupata barua kwanza. Kwa kweli alikuwa mmoja wa watu waliolipima Ziwa Nyasa na kuichora ramani yake mwanzoni mwa karne ya 20. Aliujua ufuko wa Wajerumani kama alivyoujua wa kwao. Siku ile alikuwa nahodha na rubani kwa pamoja, katika maana zote mbili za zamani: mwenye amri na mjuzi wa njia. Kwa hiyo kilichomshinda Berndt hakikuwa ucheleweshaji wa habari tu. Aliingiliwa mlangoni na mtu aliyekwisha kuiandika nyumba yake katika karatasi. Urafiki na upimaji vilikwenda pamoja kabla ya vita, na vita vilipokuja kimoja kiliendelea kutumika na kingine kikatupwa.

Jambo la pili ni chombo. Katika hadithi, Wissmann haina kazi ila kupigwa. Lakini jina lake peke yake lingemtosha mwandishi kwa ukurasa mzima. Hermann von Wissmann ndiye aliyetumwa kuvunja upinzani wa watu wa Mrima, na ni katika vita vyake ambapo Abushiri alinyongwa Pangani, Desemba 1889. Meli iliyopewa jina lake iliundwa Hamburg kwa fedha zilizochangwa Ujerumani kwa ajili ya kupiga vita biashara ya watumwa. Vipande vyake vilipitishwa Zambezi na Shire, na mahali maporomoko yanapouzuia mto, mizigo haikuwa na njia nyingine ila mabega ya watu. Nasihi tulifikiri jambo hili pole pole. Biashara ya watumwa ni ile ambayo mateka wa hugeuzwa mateka ya: mtu hutekwa, kisha huhesabiwa pamoja na pembe. Meli ya kuikomesha biashara hiyo iliitwa kwa jina la mtu aliyeteka nchi, ikafikishwa ziwani kwa nguvu za wapagazi, na baada ya miaka isiyozidi ishirini na mitano ikawa yenyewe shabaha ya mzinga. Hadithi ya ulevi haina nafasi ya neno hata moja la haya.

Jambo la tatu ni mwisho wake. Hadithi hufunga Berndt anapopanda Guendolen. Wala si mwisho. Rhoades alimchukua mtu akakiacha chombo, ingawa kimeharibiwa. Wajerumani waliirudia meli yao na kuitengeneza, hata ikawapasa Waingereza warudi Sphinxhafen mwezi wa Mei 1915, mara hii kwa kikosi cha askari walioshuka nchi kavu, ili kuiangamiza kwa yakini. Basi ushindi wa Agosti ulikuwa na mateka wa pasipo mateka ya. Msimulizi amwachiaye msomaji dhana kwamba mambo yote yalikwisha kwa maneno mawili ya mzaha, amempa nusu ya habari kwa bei ya nzima.

Haya yote hayapunguzi uzito wa tukio lenyewe, yauongeza. Meli ya Wajerumani ilipokuwa haiendi, ziwa likawa njia huru ya Waingereza. Askari walisafirishwa kwenda Karonga, ambako walipigana na Wajerumani mwezi wa Septemba 1914. Baadaye majeshi ya Jenerali Northey yaliyotokea upande huo yaliingia Songea mwaka 1916, na vyakula na risasi zao vilivushwa majini, kisha kutoka ufukoni vikapandishwa milimani vichwani mwa watu. Kutekwa kwa mtu mmoja katika mashua kulifungua mlango wa vita vya miaka minne katika nchi yote ya kusini.

Ili tusidhani kwamba kasoro hizi ni za hadithi moja tu, na tuyatazame masimulizi ya Rufiji, ambayo yana mtindo mwingine kabisa. Huko manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyoizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Unguja tarehe 20 Septemba 1914, ilijificha ndani ya matawi ya mto, ambamo hakuna jicho la baharini lingeweza kuifikia. Waingereza wakamtafuta mtu mwenye ndege. Alipatikana Durban raia mmoja, H. D. Cutler, naye akapewa cheo katika jeshi la wanamaji, akaletwa pamoja na ndege za maji mbili za Curtiss mpaka kisiwa cha Nyororo, karibu na Mafia. Ndege hizo zilikuwa na mwili wa mbao, kama mashua yenye mabawa, na hazikuundwa kwa joto la pwani yetu. Gundi iliachia, mitambo ikachemka, hata ikabidi kuletwa kutoka Mombasa kipoza maji cha motokaa ya Ford ili injini ipate kufanya kazi. Mara ya kwanza, tarehe 19 Novemba, Cutler alipotea njia, akatua penye kisiwa kingine. Siku chache baadaye aliiona Königsberg. Tarehe 10 Desemba injini ilimshinda juu ya delta. Akaanguka majini, Wajerumani wakamteka. Wenzake waliingia mtoni kwa stima ndogo, Helmuth, na chini ya risasi wakaivuta ndege na kurudi nayo.

Msomaji ataona mara moja kwamba hapa mizani imegeuka. Liuli masimulizi yanamjua mtu na hayaijui meli. Rufiji yanaijua ndege mpaka kipoza maji chake, na mtu hatajwi ila kama sehemu ya mtambo iliyokosekana. Cutler hapewi neno la kusema. Hatuoni alivyopandishwa ukingoni, wala aliyempa maji, wala lugha gani alisemeshwa. Lakini tofauti hiyo ya mtindo yaficha ulinganifu mkubwa: katika habari zote mbili mtekaji alimpata mtu, akakikosa chombo. Waingereza walimchukua Berndt, meli ikatengenezwa na wenyewe. Wajerumani walimchukua Cutler, ndege ikavutwa na wenyewe. Hakuna msimulizi niliyemsoma aliyeziweka habari mbili hizi pamoja; naona sababu ni kwamba moja imewekwa katika kabati la vichekesho, na nyingine katika kabati la historia ya mitambo.

Na sasa nafika kwenye shitaka kubwa zaidi. Meli haiendi kwa nahodha peke yake. Stima za Nyasa zilikula kuni. Kuni hizo zilikatwa, zikapangwa ufukoni na kupakiwa na watu wa ziwa. Ndani ya meli zote mbili walikuwamo mabaharia na wachochezi wa moto Waafrika. Gudi ya Sphinxhafen haikupandisha meli yenyewe. Katika kijiji cha Liuli walikuwako wanaume, wanawake na watoto siku mzinga ulipolia, nao hawakujua vita vimetangazwa zaidi ya alivyojua Berndt. Na hapana aliyewapelekea mashua kuwaeleza. Katika hadithi ya kawaida hawamo hata kama kivuli. Kadhalika Rufiji: Königsberg ilipoangamizwa tarehe 11 Julai 1915, mizinga yake 10 ilitolewa majini na kupelekwa kupigana nchi kavu, na palipokuwa hapana reli, ilivutwa kwa kamba mikononi mwa watu. Msimulizi huandika kwamba mizinga ilisafiri. Kiswahili chauliza: nani aliyeivuta?

Wapagazi wa vita vile, upande wa Waingereza, hesabu za serikali zenyewe za waliokufa zilikaribia 100,000, na wanahistoria wengi huziona kuwa ni pungufu. Watu hao hawakuitwa mateka. Hawakuwa adui, walichukuliwa na upande ule ule uliodai kuwalinda. Lakini tukiuuliza ule upatanisho wetu mdogo, jibu lake ni baya: walihesabiwa pamoja na mizigo waliyoibeba. Mtu wa cheo akitekwa, jina lake liliandikwa na hali yake ikaulizwa. Mpagazi akianguka njiani, kilichoandikwa ni furushi lililopotea. Berndt na Cutler walitekwa wakabaki katika wa. Watu hawa hawakutekwa, wakaingia katika ya.

Haikuwa kwamba hapana aliyeliona jambo hilo wakati ule. Mwezi wa Novemba 1914, katika Nyasa hiyo hiyo ya Waingereza, John Chilembwe aliandika barua kwa gazeti la huko, akilalamika kwamba Waafrika wanafishwa katika vita visivyo vyao. Barua ilizuiwa isienee, na Januari 1915 Chilembwe aliasi akauawa. Alikuwa mwandishi mmoja aliyeyahesabu mateka ya ziwa kwa hesabu iliyo kamili, na hadithi ya marafiki wawili haimtaji, ijapokuwa barua yake na mzinga wa Guendolen vyapishana kwa miezi mitatu tu.

Lugha nazo zilihifadhi yale ambayo vitabu viliyatupa. Upande wa Nyasa wapagazi wa vita waliitwa tengatenga, na neno hilo lilibaki kuwa jina la taabu. Kwetu Dar es Salaam, kambi ya wapagazi iliacha jina la Kariakoo, ambalo ni Kiingereza cha jeshi kilichokwisha kusagwa na ndimi zetu. Watu elfu kwa elfu hununua ndizi na vitambaa kila siku katika jina la wafu wale.

Pengine itajibiwa kwamba vita vya wazungu si mali ya fasihi ya Kiswahili, na kwamba hatuwezi kuwalaumu wasimulizi wa Kiingereza kwa kuandika kwa ajili ya wasomaji wao. Sehemu ya pili naikubali. Ya kwanza siikubali. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alitunga Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima, na Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi akatunga Utenzi wa Vita vya Maji-Maji, uliochapishwa mwaka 1957 kama nyongeza ya jarida la wanakamati wa Kiswahili wa Afrika Mashariki. Tenzi hizi mbili hazifanani katika msimamo wala katika ustadi, na mhakiki anaweza kupata makosa katika kila mmoja. Lakini zote mbili zinajua kanuni ambayo hadithi ya Liuli haiijui: kwamba vita huwapata watu wa mahali, na mahali pana majina. Mtungaji wa utenzi huhesabu. Huweka miji, watu, waliokimbia, waliochukuliwa, kilichochukuliwa. Hesabu hiyo, ambayo msomaji wa leo huiona kuwa ya kuchosha, ndiyo haki ya utenzi. Katika Ruvuma, ambako Wangoni walinyongwa Songea Februari 1906, mateka wa vita vya Maji Maji walikuwa bado katika kumbukumbu za watu mzinga wa Guendolen ulipolia miaka minane na nusu baadaye. Vita hivyo vina utenzi wao. Tukio la Liuli limeachiwa mzaha.

Tofauti nyingine inayofaa kutajwa ni ya Ziwa Tanganyika. Graf von Götzen ya Wajerumani ilizamishwa na wenyewe Julai 1916, ikaibuliwa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, ambalo ni jina la kale la sehemu ya kusini ya ziwa lile. Kwa kuwa chombo kilibaki machoni pa watu, habari zake pia zilibaki katika vinywa vyao, pamoja na za vibarua na abiria. Jina lililobadilika liliifanya meli iwe ya mahali. Wissmann haikupata bahati hiyo katika masimulizi. Imebaki kuwa chombo cha Berndt, kilichopigwa na rafiki yake.

Kwa waandishi na watafsiri watakaoirudia habari ya Liuli kwa Kiswahili, nina mashauri machache. Kwanza, waandike Liuli, na Sphinxhafen ije baadaye kama jina walilolitia Wajerumani. Wenyeji wana miamba yao na majina yake, kama Pomonda, na hawakungoja Misri ije kuwaonyesha. Pili, wamwite Berndt nahodha, wamwite mateka, wala wasimwite mfungwa. Tatu, wasiifunge habari Agosti 1914; waifikishe angalau Mei 1915, ili chombo nacho kipate mwisho wake. Nne, wauache mzaha ule uwepo, kwa kuwa ni sehemu ya ushahidi juu ya wale waliousimulia, lakini wausimulie kama neno la wasemaji fulani, kwa kutumia inasimuliwa, yasemekana, wasema. Kiswahili kina vitenzi vya kutosha vya kumwachia msemaji mzigo wake.

La tano ni kazi ya chuo chetu kuliko ya mwandishi mmoja. Walioiona Guendolen kwa macho yao wamekwisha kuondoka duniani. Lakini yaliyosemwa kwa wajukuu, katika Kimpoto, Kimanda, Kinyasa na Kimatengo, huenda yamo bado katika majina ya watoto waliozaliwa wakati wa vita, katika nyimbo za kupiga makasia, katika majina ya mahali palipokatwa kuni na palipopakiwa mizigo. Misheni ya Liuli, ambako alizikwa Padre William Percival Johnson mwaka 1928 baada ya maisha marefu katika ziwa lile, ilikuwa na shule na watu waliojua kuandika. Yafaa mkusanyaji ashuke kutoka Mbinga mpaka ufukoni akiwa na daftari, asikilize kwanza kabla ya kuuliza juu ya manahodha. Na atakapoandika alichosikia, aangalie kiungo chake: palipo na mtu, hata kama alibeba furushi na jina lake halijulikani, aandike wa.